Uzito wa Kibakuli

Harlan Creek, Montana
17 Septemba 2017

Kwa mdogo wangu Galen,

Nakusalimu huko kwenye barafu yako, nikitumaini bado una vidole vyote vya miguu. Sisi hapa tunaendelea. Theluji ya kwanza imeshapaka vilele vya milima lakini bustani haijaunguzwa na baridi, na nimepika jeli ya matunda ya mwitu chupa kumi na nane ambazo hazina mlaji. Lyle Bechtold, jirani yetu, amewekewa nyonga mpya. Anatembea kama bata, na ukimcheka anakuonyesha fimbo. Tuck alikufa mwezi wa Julai, nikamzika nyuma ya ghala. Alikuwa mbwa mjinga lakini nyumba imekuwa kimya bila yeye. Mwaka huu pia sikupeleka sufu kwenye maonyesho. Mambo ya kutia sufu rangi nimeyaacha.

Ninachotaka kukuandikia ni habari za Baba. Moyo wake umechoka. Daktari amesema Krismasi anaweza kuiona, Pasaka hakuahidi. Miguu imevimba, na kitanda tumekihamishia sebuleni karibu na dirisha, maana ngazi haziwezi tena. Ile meza yake ya kujazia risasi kule chumba cha chini imefunikwa shuka tangu Novemba ile. Hajaigusa, na mimi sijaigusa.

Hajaniambia nikuandikie. Unamjua. Ila juzi alinituma chini nikamletee kile kisanduku cha plastiki cha risasi, chenye vishimo ishirini, kile alichoandika GALEN juu ya kifuniko kwa ile kalamu yake nene. Nikadhani anataka kukitupa. Kumbe anatia humo vidonge vyake vya moyo, kila kishimo kidonge kimoja. Kila akikifungua analiona jina lako, na anakifungua mara nne kwa siku.

Njoo umwone, Galen. Ni miaka miwili sasa. Hujamwandikia hata kadi, na mimi unaniandikia kana kwamba nyumba hii naishi peke yangu. Najua kilichokupata. Nilikuwa pale hospitalini. Nakuomba tu uje ukae naye siku mbili, useme la kusema au usiseme.

Dada yako,
Mar


Ziwa Nulak, Alaska
29 Oktoba 2017

Mar,

Barua yako ilikaa wiki tatu kwa rubani kwa sababu ya ukungu. Hapa ndege huja kila baada ya wiki mbili ikiwa mbingu zimependa, kwa hiyo usihesabu siku, utajichosha bure. Mimi mzima. Wageni wa mwisho wa kambi hii ninayoilinda wameondoka, nimebaki mimi, mbwa sita wa tajiri, na nungu mmoja anayetafuna kiti cha choo kwa sababu ya chumvi ya makalio ya watu. Nimemwekea jina lako, kwa ung'ang'anizi. Jicho la kioo linauma baridi ikishuka sana. Nalitoa, nalitia kwenye kikombe, na mbwa wananiogopa.

Pole kwa Tuck. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu.

Sasa hayo ya Baba. Ninyi mlikuwa pale hospitalini, lakini juu ya kilima nilikuwa peke yangu. Kulungu alisimama ubavu, karibu kabisa, nikavuta kifyatulio, bunduki ikanipasukia usoni, dunia ikawa nyeupe. Niliposhika uso nikakuta mkono wangu wenyewe una kidole gumba nusu. Nilitembea saa mbili hadi kwenye gari nikiwa na jicho moja, na hilo moja limejaa damu. Risasi ya kwanza kabisa, Mar, ya kisanduku kile unachonisifia.

Na Baba akaja hospitalini akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akasema, "Nilipima mimi." Basi. Nikamuuliza ilikuwaje, akarudia hayo hayo. Hakuna pole wala hakuna sijui. Akavaa kofia, akatoka.

Mimi si mgeni wa baruti. Nimekua nikimtazama akizijaza, anaweka fataki, anapima, anamimina, anabana. Anapima kila moja, punje kwa punje, hafuati kijiko kama wenzake. Na mizani ile ya kielektroniki niliinunua mimi, alipotimiza miaka sabini na miwili, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni tena vistari vya ile ya zamani ya mkono wa chuma. Nilimcheka mpaka akampa Lyle ile ya zamani. Nilimwambia, Baba, mashine haichoki wala haikonyezi. Kwa hiyo mashine haikukosea. Aliyekosea ni mtu, na mtu yule nimemtazama tangu utoto kwa macho mawili niliyokuwa nayo, najua kitu kimoja tu kinachoweza kumfanya akose hivyo.

Usiniambie habari za miaka yake kumi na mmoja bila chupa. Nilikuwa na miaka tisa alipotuingiza na gari kwenye mfereji wa maji, mimi nikiwa kiti cha mbele. Asubuhi yake aliapa kwa Mama kwamba barabara ilikuwa na utelezi wa barafu. Ilikuwa Agosti, jua kali.

Nitakuja kwa sharti moja. Aseme alikuwa amekunywa. Sitaki anipigie magoti. Nataka sentensi moja, kwa maandishi, ili niache kuitafuta kila nikinyoa uso huu.

Galen


Harlan Creek
26 Novemba 2017

Kwa Galen,

Salamu kutoka kwa sote, na asante kwa kunipa heshima ya nungu. Sikukuu ya shukrani tuliila watatu, mimi, Baba na Lyle. Bata mzinga alikauka. Baba alikula kipande cha ukubwa wa stempu, lakini mkate wa viazi niliokaanga kama alivyokuwa akifanya Mama alimaliza miwili, na siagi na sukari. Lyle alilala kwenye kiti mdomo wazi. Ng'ombe wote tumeshauza isipokuwa wale wanne wazee ambao Baba anawaona kupitia dirishani.

Barua yako nilimsomea. Macho yake hayasomi tena. Nilitaka kuruka sehemu fulani, akajua, akasema nirudi nyuma nisome yote, na ile ya mfereji nikaisoma mara mbili. Jana asubuhi akaniambia nichukue karatasi. Haya hapa chini ni maneno yake. Mwandiko ni wangu. Sahihi ni yake.

*Galen. Siku nilipojaza risasi zako nilikuwa nimekunywa. Mizani yako haikuwa na kosa. Ilikuwa mizani nzuri. Ukipata nafasi uje. Orval Skaar.*

Sina la kuongeza. Nimekutumia soksi jozi mbili, nyeupe.

Mar


Ziwa Nulak
7 Januari 2018

Mar,

Heri ya mwaka mpya. Soksi zimefika, zinanibana kidogo lakini nazivaa. Barua ililetwa tarehe ishirini na mbili, nikaiacha bila kuifungua hadi Krismasi ipite. Niliogopa kwamba ameandika tena "nilipima mimi."

Nilidhani nikiipata ile sentensi nitapumua. Nimeisoma labda mara mia. Badala ya kupumua nimekuwa mkali kuliko mwanzo, nawafokea mbwa. Pale hospitalini alinitazama machoni, kwa maana ya jicho langu moja, huku anajua. Na miaka hii miwili alikuwa akienda kila Alhamisi kule chini ya kanisa, kwa kikundi chao cha walioacha pombe, anakaa na Lyle na wenzao, anakunywa kahawa yao mbovu, anapokea sarafu yao ya shaba ya mwaka mwingine bila pombe. Ile ya miaka kumi na miwili aliipokea akiwa na damu yangu kwenye viatu.

Siwezi kuondoka kabla ya Machi, mpaka mtu wa kunipokea kazi afike. Hiyo ni kweli, si kisingizio. Ingawa hata ingekuwa kisingizio ningekiandika.

Msomee haya, na usiruke: *Baba, neno lako nimelipata. Jicho nimekusamehe. Pombe sijakusamehe. Galen.*

Kuna kitu kinanisumbua, nakuuliza wewe uliyekuwa nyumbani siku ile. Baba hakuwahi kuanza kazi bila kuweka kwanza kile kipande cha shaba, ule uzito wa kupimia mizani yenyewe. Hata zamani alipokuwa amelewa hoi, nilimwona akikiweka. Siku ile kwa nini hakukiweka? Ulimwona akishuka? Alikuwaje? Hujawahi kuniambia chochote juu ya siku ile, na wewe huwa huna uhaba wa maneno.

Galen


Harlan Creek
28 Januari 2018

Kwa Galen,

Natumaini u mzima na mbwa wamekusamehe. Hapa baridi imeshuka mpaka maji yameganda kwenye bomba la jikoni, nikalipasha moto kwa kikausha nywele nimelala chali chini ya sinki. Lyle ameanguka kwenye barafu lakini nyonga mpya imestahimili, ya zamani ndiyo imevunjika moyo. Mwalimu wetu wa darasa la pili, yule mwenye wigi, amefariki akiwa na miaka tisini na saba. Kanisa limepaka ukumbi rangi ya kijani inayochefua. Nimeanza kusoma tena vitabu vya upelelezi.

Nilimsomea Baba maneno yako. Alisema, "Nusu si haba." Kisha akaniomba nimpe ile sarafu yake ya mwisho, ya miaka kumi na mitatu, akanituma nimrudishie Lyle. Akasema mtu aliyeandika kwamba alikunywa hawezi kukaa nayo. Lyle alifungua mlango, akaiangalia sarafu mkononi mwangu, akaniangalia mimi. Hakuipokea. Niliiacha juu ya jiwe la baraza lake.

Sasa Baba anavuta pumzi kwa mashine. Machi ni mbali, Galen. Zungumza na tajiri yako.

Mar


Harlan Creek
4 Machi 2018

Galen,

Habari ya kifo uliipata kwa redio ya rubani, kwa hiyo sirudii, ila kwamba ilikuwa tarehe kumi na sita Februari, saa tatu asubuhi, jua likiwa kali juu ya theluji, na alikuwa anawaangalia wale ng'ombe wanne. Kisanduku chako kilikuwa na vidonge sita vilivyobaki. Ulisema ndege haikuweza kuruka. Nakuamini.

Tulimzika kwa mashine ya kuchimbia kwa sababu ardhi ilikuwa chuma. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wakala mikate ya nyama kule chini ya kanisa. Wengine waliongea kwa sauti ndogo nilipopita. Ulipotoka hospitalini uliwaambia watu alikuwa amelewa, na mji huu haukusahau. Mchungaji alisema Orval alipigana vita virefu na alianguka mara moja tu. Nilikaa mstari wa mbele nikasikia hayo yakisemwa juu ya jeneza.

Uliniuliza swali Januari. Nilikujibu kwa wigi la mwalimu. Sasa nakujibu.

Asubuhi ya siku ile Baba alikuwa mjini. Nilishuka chini kupima rangi ya sufu, ile nyekundu, kwa sababu mizani ya jikoni haisomi vitu vidogo hivyo. Nilikuwa nafanya hivyo siku zote na yeye alijua, alikuwa ananiambia tu nifute vumbi langu. Nikaigonga mizani kwa kiwiko. Ilianguka sakafuni pamoja na kile kipande cha shaba, na shaba ikabiringika sijui wapi. Nilitafuta kwa magoti. Nilipoiwasha mizani ikawa inarukaruka namba. Kitufe cha kuirekebisha nilikijua, nikakibonyeza, ikaniomba niiwekee uzito wa gramu hamsini.

Nikakumbuka Baba alivyotufundisha tukiwa wadogo, kwamba sarafu ya senti tano ina gramu tano kamili, na kwamba serikali ikikudanganya pengine pote, hapo haijakudanganya. Nikachukua kumi kutoka kwenye kopo lake la chenji. Sahani ya mizani ni ndogo, zikawa zinateleza. Kwa hiyo nikazitia kwenye kile kibakuli chake cha baruti, nikaweka.

Nilikisahau kibakuli, Galen. Jikoni naweka bakuli kwanza, nafuta namba, ndipo natia unga, kila siku ya maisha yangu. Pale nilikisahau. Mizani iliambiwa kwamba sarafu pamoja na kibakuli ni gramu hamsini, ikakubali. Tangu hapo kila kitu ilikiona chepesi kuliko kilivyo, na Baba akaongeza baruti mpaka namba yake ikatimia. Namba ilikuwa sahihi kila mara.

Kuhusu kipande cha shaba, alipokikosa alipanda ngazi akaniuliza kama nimekiona. Nikasema sijakiona. Wewe ulikuwa umepiga simu kwamba unafika jioni na unataka risasi zako. Akasimama pale mlangoni akasema, "Galen anasema mashine haichoki," akacheka, akarudi chini.

Nilitambua kosa langu wakati wewe ukiwa chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikakumbuka kibakuli, nikatoka nikazunguka maegesho ya magari. Niliporudi ulikuwa umeshatoka na Baba alikuwa ameshasema kwamba alipima yeye. Nikajiambia nitasema kesho. Kisha wewe ukasema pombe, na yeye hakubisha, na nikaona kwamba jambo limepata mwenyewe.

Siku ile ya kuandika barua yake nilimwambia, "Baba, hilo si kweli." Akaniuliza, "Wewe unajuaje lililo kweli?" Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira. Alikuwa ananifungulia mlango, sasa ndiyo naelewa. Nikainamisha kichwa nikaandika.

Nilidhani hajui. Baada ya maziko Lyle alinivuta kando karibu na birika la kahawa. Akasema wiki moja baada ya wewe kuumia, Baba alikwenda kwake kuomba ile mizani ya zamani ya mkono wa chuma. Wakafungua risasi kumi na tisa zilizobaki kisandukuni, wakapima baruti ya kila moja. Zote zilizidi, na zote zilizidi sawasawa. Lyle aliniambia, "Mlevi hakosei sawasawa mara kumi na tisa." Kisha Baba akatoa mfukoni sarafu kumi za senti tano alizozikuta kwenye kopo. Zilikuwa na madoa mekundu ya vidole. Akaenda kwenye sinki la Lyle akaziosha kwa sabuni, moja moja, na hakusema alikuwa anaosha nini.

Kwa hiyo alijua tangu wiki ya kwanza. Miaka miwili na miezi mitatu nilimpikia, nikamwosha miguu, nikamsomea barua zako, na yeye alijua.



Mar


Ziwa Nulak
15 Aprili 2018

Marlys,

Nakusalimu kwa sababu Mama alitufundisha kusalimu. Mimi mzima. Barafu ya ziwa imeanza kulia. Mtu wa kunipokea alikuja mwezi uliopita, nikamrudisha na ndege ile ile. Sina pa kwenda.

Barua yako niliisoma nje, nimesimama. Kisha nikaingia jikoni nikachukua mizani ya mpishi, nikatafuta sarafu kwenye suruali zote, nikafanya kama ulivyofanya, kwa sahani ya chai badala ya kibakuli. Halafu nikapima kilo ya sukari ambayo haijafunguliwa. Ilisoma pungufu, kama ulivyoeleza. Nilitaka isiwe kweli. Nilitaka uwe umenidanganya ili kumsafisha, ningekupenda kwa hilo.

Mimi ndiye niliyemcheka mpaka akaitoa ile mizani ya zamani. Hiyo ni yangu, sikuachii. Mimi ndiye niliyemharakisha kwa simu. Mimi ndiye niliyekwenda kutoka baa hadi duka la mbegu nikisema mzee amerudia chupa, na watu wakanipa pole na kuninunulia bia. Nimemwandikia mtu anayekufa kwamba sitamsamehe kitu ambacho hakukifanya. Akasema nusu si haba. Nusu gani hiyo, Mar? Nilimpa nusu isiyokuwa na deni.

Kuhusu wewe. Jicho nimekusamehe. Nalisema bila shida, mtu yeyote anaweza kusahau kibakuli. Ile karatasi uliyoiandika kwa mkono wako sijakusamehe. Ulishika kalamu. Alikuwa anatamka pole pole kwa sababu ya pumzi, ninamjua, na wewe ulisubiri kila neno.

Usiniombe nije kuona kaburi. Nenda Alhamisi kule chini ya kanisa, usimame mbele ya wale watu wake, useme yote kama ulivyoniandikia, kuanzia rangi ya sufu. Sema na jina langu, sema ni mimi niliyeeneza habari. Kisha uniandikie kwamba umesema. Kabla ya hapo usiniandikie, hata habari za nyonga ya Lyle.

Galen


Harlan Creek
6 Mei 2018

Galen,

Sikuulizi hali kwa kuwa hukuniruhusu kitu kingine, lakini natumaini u mzima.

Alhamisi ya kwanza nilifika mpaka mlangoni, nikasikia viti vikisogezwa, nikarudi garini. Ya pili sikutoka nyumbani. Ya tatu nilikwenda.

Walikuwa tisa. Nilisimama karibu na ule ukuta wa kijani nikasema yote, kuanzia rangi ya sufu. Nilisema kibakuli, nikasema shaba niliyoulizwa nikakana, nikasema barua. Nilisema Orval Skaar hakuonja tone tangu mwaka 2004 hadi alipokufa, na kwamba mimi nilijua. Nilikutaja kama ulivyotaka. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa nimeacha gari limeelekea barabarani.

Hawakunitukana. Walinikumbatia. Mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono akasema nimebeba mzigo mkubwa mno peke yangu, maskini. Mwingine akanikatia keki ya karoti. Wote walinipa pole mimi. Hakuna aliyemtaja Baba tena mpaka kahawa ikaisha. Nimekula ile keki, Galen, kwa sababu sikujua la kufanya nayo.

Lyle peke yake hakusogea. Alingoja wote watoke, akakunja viti, akanifuata hadi garini na mwendo wake wa bata. Akanipa ile sarafu ya miaka kumi na mitatu. Alikuwa ameiokota barazani siku ile ile na kuitunza. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo, na alijua. Akasema aliombwa. Nikamuuliza Baba alimwombaje.

Akasema ilikuwa pale pale kwenye sinki, sarafu zikiwa bado majini. Lyle alikuwa amekasirika, akamwambia, "Orval, utamwacha kijana akuchukie bure?" Na Baba akajibu, "Nina watoto wawili tu, Lyle. Mmoja ameshaumia." Kisha akaomba kitambaa cha kukaushia mikono.

Mar